Tengeneza zana yako ya mtandaoni kwa ajili ya waandishi wa Kiswahili: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Dodoma

Mzee alikuja kibandani kwangu Makole na shairi la beti saba kwenye daftari la kaunta. Alitaka nilichape, kisha nilirushe kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla ya harusi ya mjukuu wake. Nilipomaliza kuchapa nikaona nijitape kidogo. Siku hizo nilikuwa nimetengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, basi nikabandika shairi lake mle na mashine ikatoa hukumu: mshororo mmoja una saba kwa saba badala ya nane kwa nane. Nikamwambia, "Mzee, samahani, hapa mizani imepungua." Akavaa miwani, akausoma mshororo ule kwa sauti huku akigonga meza kwa kidole kila silabi. Halafu akanitazama. "Mwanangu, mashine yako haijui kuhesabu."

Alikuwa sahihi. Mshororo wake sitauweka hapa, ila nimetunga mwingine wenye ugonjwa uleule:

Mbunge wetu yuaja, mvinyo mezani upo.

Ukiusoma kwa mdomo ni nane kwa nane: m-bu-nge we-tu yu-a-ja, kisha m-vi-nyo me-za-ni u-po. Zana yangu ilikuwa inahesabu irabu tu, kwa hiyo ile "m" ya mbunge na ile ya mvinyo haikuziona. Katika mji uliojaa wabunge na zabibu, hilo si kosa dogo.

Nilichojifunza kutokana na aibu ile ndicho ninachokiandika hapa. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kidogo HTML na JavaScript, lugha za kutengenezea kurasa za mtandaoni, au mwandishi asiyejua kabisa lakini ana ndugu au rafiki wa kumsaidia kuandika msimbo. Shida ya kazi hii huwa kwenye Kiswahili kuliko kwenye kompyuta.

Hatua ya kwanza: kaa karibu na mtu anayeandika

Usianze kwa kufungua kompyuta. Chukua daftari, ukae wiki moja na watu wanaoandika: wanafunzi wanaokaa Nyerere Square jioni, dada anayeuza simulizi kwa sehemu, katibu wa kamati ya harusi, kijana anayeandika habari za bei za mahindi Kibaigwa. Usiwaulize wanataka zana gani. Ukiuliza hivyo watakutajia kitu walichokwisha kukiona kwingine. Angalia wanapokwama: wanafuta nini mara mbili, wanamgeukia jirani kuuliza nini, wanahesabu nini kwa vidole.

Daftari langu lilijaa vitu ambavyo nisingevikisia. Mwandishi wa simulizi alikuwa anakata hadithi yake vipandevipande kwa jicho, kisha anasahau alifika sehemu ya ngapi. Katibu wa kamati ya harusi alikuwa anapunguza maneno kwenye ujumbe wa michango bila kujua kwa nini simu inamwambia ujumbe mmoja umekuwa mitatu. Mwanafunzi aliandika "mahari pa kukutania", na kisahihishaji cha simu kikanyamaza, kwa sababu mahari ni neno halali kabisa. Wenye mabinti wanalijua vizuri.

Kila ulichokiandika kipe alama mbili: kinatokea mara ngapi, na je, zana iliyopo tayari inakimaliza? Kama zana za Kiingereza zinafanya kazi hiyo vilevile kwa Kiswahili, mfano kuhesabu maneno, achana nacho. Tafuta pale ambapo zana za wageni zinateleza kwa sababu hazijui lugha yetu.

Hatua ya pili: chagua wazo moja tu

Haya ndiyo mawazo yaliyobaki kwangu baada ya kuchuja. Lichukue lolote, au yakupe lako.

La kwanza ni kigeuza saa. Niliwahi kuandika tangazo la semina, nikaweka "kuanzia 8:00". Watu wawili wakafika saa nane mchana, chakula kimekwisha. Kosa lilikuwa langu. Zana ya namna hii inapokea "saa tatu kasorobo usiku" na kutoa 20:45, au kinyume chake, ili mwandishi wa tangazo aweke zote mbili. Kanuni zenyewe ni chache. Asubuhi, mchana na jioni unaongeza sita: saa moja asubuhi ni 7:00, saa kumi na moja jioni ni 17:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Usiku kuanzia saa moja hadi saa tano unaongeza kumi na nane, saa sita usiku ni 00:00, na saa saba hadi saa kumi na moja unatoa sita. Saa kumi na mbili asubuhi nayo unatoa sita, ni 6:00.

Hesabu hiyo inaandikwa kwa nusu saa. Mtego uko kwenye siku. Ukiandika "Jumamosi saa nane usiku", je, ni usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili? Kwa kalenda ya kompyuta siku hubadilika saa sita usiku. Lakini wapo wengi ambao siku yao huanza jua linapozama, na kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hiyo zana isikisie. Muda wowote wa usiku ukiandikwa, ifungue swali moja: "Usiku wa kuamkia siku gani?" Kisha iandike jibu kwa maneno hayohayo kwenye tangazo.

La pili ni kipima ujumbe mfupi. Ujumbe wa simu wa kawaida hubeba herufi 160. Lakini ukiweka alama moja tu ambayo haimo kwenye orodha ya zamani ya herufi za simu, ujumbe wote hushuka hadi herufi 70, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Sasa angalia neno Chang'ombe. Ile alama ya ritifaa ikiwa imenyooka, hakuna tatizo. Ikiwa imepinda, kama programu nyingi za kuandikia zinavyoipinda zenyewe, haimo kwenye orodha. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa mitatu, na kamati inawatumia watu mia mbili. Zana inayoigundua ritifaa iliyopinda, ikainyoosha na kuonyesha hesabu mpya, ni kazi ya mchana mmoja. Emoji nazo zina adhabu hiyohiyo. Mwache katibu achague mwenyewe kama ua jekundu lina thamani ya kulipa mara tatu.

Ritifaa hiyo ina madhara mengine. Kwa kompyuta, ng'ombe wa alama iliyonyooka na ng'ombe wa alama iliyopinda ni wanyama wawili tofauti. Msomaji akitafuta mmoja, mwingine hajitokezi. Dodoma tuna kata iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, Ng'hong'onha, ambayo jina lake nimeliona limeandikwa kwa namna zisizopungua nne. Sitagombana na mtu kuhusu tahajia yake, ila ukitengeneza zana yoyote ya kutafuta, anza kwa kuzigeuza ritifaa zote kuwa aina moja.

La tatu ni kichunguzi cha jozi. Ni orodha ya maneno yanayochanganywa ambayo yote mawili ni sahihi: suala na swala, mahali na mahari, dhidi na zidi, kalamu na karamu. Zana haisahihishi. Inapaka rangi na kuuliza: "Suala la kuzungumzia, au swala wa porini?" Ongeza na maneno yanayounganishwa ovyo kama kwahiyo, kwasababu na sikuhizi. Hayo yanaweza kutenganishwa bila kuuliza.

La nne ni kikata simulizi. Mwandishi anabandika hadithi nzima, anachagua urefu, zana inakata mwisho wa aya bila kuigawa sentensi, kisha inaweka "Sehemu ya 4 kati ya 12" na kitufe cha kunakili kila kipande. Hili halina ujanja wowote wa lugha, lakini ndilo litakalokuletea watu wengi kuliko yote.

La tano ni kipatanisha idadi. Wakulima watano, mashina matano, chupa tano, vikapu vitano, mizabibu mitano. Namba moja hadi tano, na nane, hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazigeuki. Hata kwenye namba kubwa mkia hufuata: wakulima ishirini na wawili, lakini wakulima ishirini na sita. Kosa ambalo wabunifu hufanya hapa ni kumuuliza mtumiaji neno lake liko ngeli gani. Nani anakumbuka? Muulize swali ambalo hata mtoto analijibu: ukivionyesha kwa kidole vikiwa vingi ungesema hawa, haya, hivi, hizi au hii? Akibonyeza "haya", umepata mawili, matatu, manne, matano na manane. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sarufi yote kichwani, ila majina yake ya darasani ameyasahau.

Kuna wazo ambalo kila mtu hulitaja na ambalo nakushauri usianze nalo: kisahihishaji tahajia kamili. Wengine walishajaribu, na kwa nguvu kubwa kuliko yako na yangu; mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kifurushi cha programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Ugumu wake ni kwamba kitenzi chetu ni sentensi nzima. Kutoka kwenye "andika" unapata hawakutuandikia, wasipokuandikia, nitakayemwandikia, na hujamaliza. Orodha ya maneno haitatosha kamwe. Unahitaji mashine inayovunja kitenzi viungo vyake, na hiyo si kazi ya jioni.

Mimi nilibaki na kihesabu mizani, kwa sababu ya mzee. Kuanzia hapa nitakifuata hicho. Hatua ni zilezile kwa wazo lolote.

Hatua ya tatu: andika kanuni kwa Kiswahili, kwenye karatasi

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilikimbilia msimbo. Ukiandika kanuni kwa Kiswahili cha kawaida kwanza, unaweza kumsomea mshairi naye akakukatalia kabla hujapoteza usiku.

Kanuni yangu ya kwanza: kila irabu, a, e, i, o, u, ni mizani moja. "Daktari" ni tatu, "labda" ni mbili, "kua" ni mbili. Hii peke yake inakufikisha mbali, kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu.

Ya pili: "m" ikifuatwa na konsonanti, ihesabu kuwa mizani. M-tu, m-ge-ni, m-na-da, m-mo-ja, a-na-m-pe-nda. Isipokuwa ikifuatwa na "w", kama mwana au mwezi, ambapo inamezwa.

Ukiishia hapo utaharibu upande wa pili. Chukua mshororo huu:

Mvua imetukimbia, mbuzi wetu wamekonda.

Huo ni nane kwa nane. Lakini kwa kanuni ya pili peke yake mashine itasema m-vu-a, itasema i-me-tu-ki-m-bi-a, na itatoa kumi kwa tisa. Kwa hiyo kanuni ya tatu: "m" ikifuatwa na "b" au "v", usiihesabu, kwa sababu mara nyingi zimeshikana kuwa sauti moja: mvu-a, mbu-zi, mbe-gu, ku-mbu-ka.

Mara nyingi, si daima. Mbunge, mbuyu, mvuvi, mvulana, mvuke, mvinyo: hapo "m" ni kiambishi kilichosimama peke yake, na inahesabiwa. Kompyuta haiwezi kuona tofauti kati ya mbuyu na mbuzi kwa kutazama herufi. Sikio linajua. Hivyo kanuni ya nne ni orodha ya maneno ya pekee, unayoiandika kwa mkono na kuendelea kuiongeza.

Ya tano ni ya maneno mafupi: neno lenye irabu moja linaloanza na "m" au "n" na konsonanti lina mizani mbili. Nchi, nne, nje, nta, nge, nzi, mbu, mbwa. Ondoa yale ya "ny", "mw" na "ng'".

Halafu kuna maneno ambayo hakuna orodha inayoyamaliza. Mbuni mwenye mbawa asiyeruka ni mbu-ni, mbili. Mbuni wa kahawa, na mbuni wa mitindo, ni m-bu-ni, tatu. Mtu mbaya ni m-ba-ya, njia mbaya ni mba-ya. Kwenye "alimbeba" ile "m" ni mtu aliyebebwa, kwa hiyo inahesabiwa, wakati "kumbe" haina mtu. Kwa maneno ya aina hii nilikata shauri: zana iyapigie mstari wa nukta chini, na mwandishi akiligusa neno, idadi ibadilike kutoka mbili kwenda tatu. Mashine inakubali kwamba haijui, na mshairi anabaki kuwa mshairi. Nilipomwonyesha mzee hili, ndipo alipoanza kuipenda.

Hatua ya nne: tayarisha maneno ya mtihani kabla ya msimbo

Chukua karatasi nyingine, gawa safu mbili. Kushoto neno, kulia jibu sahihi. Andika maneno hamsini hivi, na yachague kwa uchokozi: yale unayodhani yatakushinda. Mimi niliweka mbwa, mbwana, ng'ombe kwa ritifaa zote mbili, nyanya, anamwona, mmea, nchi, maneno yenye herufi kubwa mwanzoni, neno lenye mkwaju (/) katikati, na mstari mtupu. Pia beti tatu nzima za tarbia, mishororo minne kila moja, nane kwa nane kila mshororo.

Mpe mshairi karatasi hiyo aijaze safu ya kulia bila kuona majibu yako. Mkitofautiana, jadilianeni. Kuna maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo washairi wenyewe hawakubaliani. "Hamsini" ni mojawapo, wengine hulihesabia tatu na wengine nne. Hayo yaingize kwenye kundi la kuguswa.

Baadaye, kila ukibadilisha msimbo, pitisha maneno yote hamsini tena. Siku moja nilirekebisha "mvuke" nikaharibu "mvua", na ni karatasi hii iliyonishtua, si mtumiaji.

Hatua ya tano: tengeneza ukurasa

Faili moja inatosha. HTML, mtindo na JavaScript vyote vikae humo, bila maktaba za kuvuta kutoka nje. Ukurasa wangu wote ni mwepesi kuliko picha moja ya simu, na nimeuacha hivyo makusudi, maana msomaji wangu anahesabu bando.

Weka kisanduku kimoja cha kuandikia. Usiweke kitufe cha "hesabu": iache zana ihesabu kila herufi inapoingia, ili mwandishi aone namba ikipanda kutoka saba kwenda nane akiwa bado anatafuta neno. Hapo ndipo zana inapokuwa ya kushirikiana naye, badala ya mwalimu anayesahihisha daftari.

Mpangilio wa kazi ndani ya msimbo ni huu. Pokea maandishi. Geuza herufi zote kuwa ndogo na ritifaa zote kuwa zilizonyooka. Kata kwa mistari, kila mstari ni mshororo. Kata kila mshororo kwenye mkato, upate ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na utao, nusu ya pili. Kata kila kipande kwa nafasi, upate maneno. Kila neno lipitishe kwanza kwenye orodha ya pekee, lisipokuwemo ndipo litumie kanuni. Jumlisha. Onyesha "8 + 8" pembeni ya mshororo. Kwa vina, chukua silabi ya mwisho ya kila kipande, zilinganishe ndani ya ubeti, na inayotofautiana ipake rangi.

Usiandike neno "kosa" popote. Mshairi anaweza kuwa anatunga kwa bahari nyingine, yaani aina nyingine ya shairi, au amefupisha kibwagizo kwa makusudi. Sema tu namba. Rangi nayo iwe ya upole. Nilianza na nyekundu, mwanafunzi mmoja akaniambia inamkumbusha karatasi ya hisabati.

Ongeza kutunza kazi. Umeme ukikatika, au mtu akipigiwa simu na kivinjari kikajifunga, shairi lisipotee. Kivinjari kina kumbukumbu yake ndogo ambayo JavaScript inaweza kuandika humo. Kwa kawaida hubeba takriban megabaiti tano kwa kila tovuti, na hayo ni mashairi mengi sana. Tunza kila baada ya sekunde chache. Ila mtahadharishe mtumiaji kwamba akifuta data za kivinjari, shairi linaondoka nalo. Weka na kitufe cha kupakua faili la maandishi.

Hatua ya sita: toka nayo nje juani

Nilijaribu zana yangu ndani, kwenye kompyuta, ikanipendeza. Kisha nikatoka nayo saa saba mchana, kwenye simu ya bei ndogo yenye skrini iliyopasuka, chini ya jua la Dodoma la mwezi wa kumi. Sikuona kitu. Kijivu changu kizuri juu ya cheupe kilikuwa kimetoweka. Tumia weusi wa kweli juu ya weupe wa kweli, na fonti isiyopungua pikseli 16. Chini ya hapo, kivinjari cha iPhone hujikuza chenyewe mtu anapogusa kisanduku, na ukurasa unayumba.

La pili ambalo ndani hutaliona: kibodi ya simu inakula nusu ya skrini. Kama umeweka namba za mizani chini ya kisanduku, mwandishi hataziona anapoandika. Zipandishe juu. Nilipofanya badiliko hili moja, watu waliacha kuniuliza "sasa jibu liko wapi?"

Mpe mtu simu, mwambie "andika shairi", halafu funga mdomo. Hii ni ngumu kuliko msimbo wote. Kidole kikikosa kitufe usimsaidie, andika kwenye daftari. Watu watano wanatosha; wa sita alinirudia yaleyale.

Hatua ya saba: iweke mtandaoni, na maandishi yabaki kwa mwenyewe

Kwa ukurasa wa faili moja huhitaji kulipia seva. Huduma kama GitHub Pages huuweka bure. Hakikisha anwani inaanza na https, kwa sababu bila hiyo kivinjari hakitakuruhusu kuufanya ukurasa ufanye kazi bila mtandao. Na hilo lifanye. Mtu anaufungua mara moja akiwa mjini kwenye mtandao mzuri, kisha anautumia akiwa Mvumi au Kondoa bila bando hata kidogo. Faili lenyewe pia unaweza kulirusha kwa WhatsApp au Bluetooth likafunguka kwenye kivinjari, ingawa likifunguliwa hivyo kumbukumbu ya kutunza kazi huenda isifanye kazi.

Maandishi ya mtu yasitoke kwenye simu yake. Usiyapeleke kokote, usiyakusanye "kwa ajili ya kuboresha". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na njia rahisi ya kutokuwa na mzigo wa kutunza taarifa za watu ni kutozichukua. Mwandishi ambaye hajachapisha ana wasiwasi wa haki kwamba kazi yake itaibiwa, na maneno matupu hayamtoshi. Mimi humwambia azime data, aweke simu kwenye hali ya ndege, kisha aandike. Akiona namba zinaendelea kuhesabiwa, anaelewa mwenyewe kwamba shairi halijakwenda popote.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi: sijaweka matangazo, kwa kuwa yanakula bando la mtumiaji kuliko zana yenyewe. Anayetaka kuchapishiwa shairi lake kwenye karatasi nzuri anajua kibanda kilipo.

Baada ya hapo

Chini ya ukurasa weka mstari mmoja: "Neno limehesabiwa vibaya? Tutumie", na kitufe kinachofungua WhatsApp neno likiwa tayari limeandikwa. Fomu ndefu hakuna anayeijaza. Kila Jumapili jioni naketi na maneno yaliyoingia, nayatamka kwa sauti huku nagonga meza kama nilivyofundishwa, nayaongeza kwenye orodha ya pekee, napitisha yale hamsini ya mtihani, ndipo napandisha faili jipya. Karibu yote yanaanza na "mb".

Wiki iliyopita mzee alipita tena, safari hii na shairi la mahafali ya mjukuu mwingine. Alilibandika mwenyewe. Mishororo yote ikatoka nane kwa nane, isipokuwa mmoja, tisa kwa nane. Akausoma, akagonga meza, akanyamaza, akagonga tena. "Hapo," akasema, "imenipata." Akaomba kalamu.